Neno la Torpekai

Zmarai alimweleza mama yake habari ya mbwa huku mdomo umejaa mkate.

"Yule wa manjano, wa pale buchani. Kamanda kanambia, piga, na usifumbe macho. Sikufumba. Nilidhani nitatapika, mama. Wala!" Akachovya tonge jingine kwenye supu ya kondoo. "Niongeze mchuzi kidogo."

Torpekai akamwongeza mchuzi. Mwingine ukamwagikia kitambaa cha kulia. Huyu Zmarai ni mwoka mikate, tena mwoka mikate ambaye tangu baba yao afe, kila Idi ilibidi aitwe jirani kuja kuwachinjia. Akiona damu, anatapika au anaanguka. Nduguye Nasrat alikuwa akimcheka hadi anajishika mbavu: "Simba wetu huyo, mshikeni kabla hajaanguka!" Maana Zmarai kwa Kipashto ndiyo hiyo, simba. Sasa Nasrat yuko kaburini, na simba anaomba mchuzi.

"Kwa nini mbwa?" aliuliza mama.

"Ili mkono uzoee. Alhamisi nisije nikaaibika mbele ya watu."

Ngoja niieleze tangu ilikoanzia, maana wapo wanaomsema Torpekai hadi leo kwamba ni kigeugeu, na mimi wananichefua. Nasrat alichomwa kisu mchana kweupe kwa ajili ya pikipiki. Aliyemchoma ni Baryalai, kijana wa mtaa wa chini, na watu waliona. Hiyo ilikuwa enzi ya serikali ile ya zamani, ya suti na hotuba. Baryalai akakamatwa, polisi wakala chao, hakimu akala chake, na arobaini ya marehemu haijafika, kijana yuko sokoni Spinkarez anachagua tikiti maji. Alipokutana na Torpekai hata hakuinamisha macho.

Kisha serikali ile ikaanguka, ikaja hii ya bendera nyeupe. Wako waliolia, wako waliopiga risasi hewani kwa furaha. Torpekai hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa burka lake, akamchukua Zmarai awe maharimu wake, mwanamume wa damu yake wa kumsindikiza, akaenda kugonga mlango wa mahakama mpya. Na tuseme ukweli hata kama unatuuma: walimsikiliza. Hakuna aliyenyoosha mkono apewe kitu. Kadhi wao, Maulawi Rahmatgul, mzee mwembamba wa kandambili za tairi, alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika, akatuma watu. Baryalai akatolewa kwa wakwe zake alikojificha. Kesi ikapanda mahakama hii, ikapanda ile, ikarudi na mihuri: kisasi.

Maulawi aliwasomea sharti siku ile ile ya kwanza. Warithi wa damu ni wawili, mama na ndugu. Wote wawili wakitaka, muuaji anauawa. Mmoja akisamehe, hata kwa neno moja, kisasi kimeanguka, na aliyesamehe harudi nyuma. Torpekai aliulizwa, akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Nataka damu yake," na siku ile ndiyo aliyolala fofofo kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini masikini, alidhani ni kazi ya serikali. Alidhani mtu ananyongwa huko, na wewe unaletewa habari ukiwa nyumbani kwako. Hakuna aliyemwambia kwamba hawa humpa mrithi mwenyewe bunduki, uwanjani, watu wote wakiangalia. Na mrithi mwanamume ni mmoja tu, huyu anayepaka mikate maji kwa mkono.

Sasa na huyo kamanda, Mulla Dadgul. Mkuu huyu wa wilaya alikuwa mpiganaji wa milimani, mtu wa kulala juu ya mawe, na kwa hilo hakuna wa kumbeza. Lakini kiti kilimshinda. Pampu ya maji ilikufa tangu masika, akasema italetwa nyingine. Zahanati haina hata dawa ya homa. Shule ya wasichana ina kufuli, walimu wa shule ya wavulana hawajui watalipwa lini, na kila anayekwenda kulalamika anaambiwa asubiri amri kutoka juu. Katika mambo yote aliyokabidhiwa, moja tu ndilo lililoweza kufanyika watu wakaliona: kisasi hiki. Akaliendea mbio. Gari likazunguka mitaani na kipaza sauti: Alhamisi baada ya adhuhuri, uwanja wa mpira, wanaume wote, maduka yafungwe. Pampu haikuwahi kupata gari la kuitangaza.

Na Dadgul akampata Zmarai. Alimpakia mbele kwenye gari lake la wazi. Alimwahidi kazi ya kuoka mikate ya kambi nzima. Waliokuwa wakimwita "Zmarai unga" sasa wakawa wanasimama akipita, "Karibu, Zmarai Khan, kunywa chai." Mtu aliyezoea kuchekwa akiheshimiwa ghafla, huwezi kumwambia kitu. Tanuri likawa linapoa yeye yuko kambini, na mikate anayooka inatoka imeungua upande mmoja.

Asubuhi baada ya habari ya mbwa, Bibi Zarghuna alikuja tena mlangoni. Huyu ndiye mama yake Baryalai. Alikuwa akija kila wiki, msahafu kichwani na kondoo kwenye kamba, kama desturi yetu inavyotaka kwa mtu anayeingia kwa mwenye damu kuomba. Kila wiki Torpekai alimfungia mlango. Siku ile akaufungua.

Zarghuna alimwangukia miguuni.

"Toka huko chini!" Torpekai alimvuta bega. "Usinibusu miguu. Sijakusamehe wewe wala huyo mwanao. Kaa hapo. Kunywa chai."

Zarghuna akakaa, chai hakuigusa. "Dada yangu, neno moja tu. Moja."

"Mwanao ni muuaji."

"Ndiyo."

"Kamuua Nasrat wangu kwa pikipiki ambayo hata breki haina."

"Ndiyo, dada. Ndiyo."

"Basi sikia. Sifanyi kwa ajili yako. Mimi nimebakiwa na mmoja, na huyu mmoja wananifanyia awe kama wako. Jana kaua mbwa, akaja hapa akala kwa raha zake." Akamsogezea chai. "Nisingeumia hivi kama angetapika."

Wakalia wote wawili, kila mmoja na lake. Kondoo alikuwa anakula mimea ya mnanaa uani na hakuna aliyemfukuza.

Zarghuna alipoondoka, Torpekai alivaa burka akaenda mahakamani peke yake. Mlinzi hata hakunyanyua kichwa. "Maharimu wako yuko wapi, mama?"

"Nina neno dogo tu na kadhi."

"Dogo au kubwa, njoo na maharimu. Huna mume?"

"Kafa."

"Kaka?"

"Wamekufa. Vita."

"Mtoto wa kiume je?"

"Ninaye."

"Si ndiyo hivyo! Njoo naye."

Torpekai alicheka kwa uchungu ndani ya burka lake. Mwanamume pekee duniani anayeweza kumpeleka akamzuie Zmarai ni Zmarai. Alirudi nyumbani akichechemea kwa goti lake bovu, akiomba dua ambayo hata yeye hakuijua mwisho wake.

Dua ikajibiwa, au alidhani imejibiwa. Maulawi Rahmatgul alikuwa mtu wa kushika sheria kwa meno. Aliagiza warithi wote wawili wafike wao wenyewe Jumatano, waulizwe mara ya mwisho, na hakutaka mtu amsemee mwenzake. Zmarai alileta habari hiyo akiwa na haraka zake. "Kesho kadhi anatutaka, mama. Utasema lile lile, tutarudi kabla ya chakula."

"Nitasema lililo moyoni mwangu."

"Ndiyo hivyo," alisema Zmarai, na alisikia alichotaka kusikia.

Mahakama ilikuwa ndani ya jengo lililokuwa posta. Wanaume wana mlango wao upande wa barabara, wanawake wana wao nyuma, na Zmarai alimwacha mama yake pale nyuma, katikati ya maburka ya bluu ya wanawake wenye kesi zao za talaka na mashamba. Mlinzi akaita, "Warithi wa Nasrat!" Torpekai akaingia, akakaa nyuma ya pazia la pamba. Pazia lilikuwa limechakaa, na upande wake aliweza kuona. Maulawi yuko juu ya godoro na vitabu vyake. Mulla Dadgul yuko kwenye kiti, bunduki magotini. Walinzi ukutani. Zmarai yuko katikati, mikono mbele, na kwenye mkono wa kulia kovu lile la tanuri alilolipata akiwa na miaka saba. Yeye Torpekai ndiye aliyelipaka ute wa yai.

Maulawi alianza kwa kuwasihi, kama anavyopaswa. "Kisasi ni haki yenu, hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini kusamehe ni bora, na malipo yake ni kwa Mwenyezi Mungu. Zmarai, wasemaje?"

"Nataka haki yangu."

"Mama wa marehemu?"

"Mimi Torpekai, binti Mulla Sarwar, mama yake Nasrat," alisema, na sauti ilitoka kavu lakini ilitoka. "Nimesamehe. Si kwa kupenda. Lakini nimesamehe, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya huyu aliyebaki."

Maulawi akafumba macho, na ndevu zikamcheza kwa tabasamu. "Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Basi sheria iko wazi. Mrithi mmoja amesa..."

"Ngoja, Maulawi." Dadgul alisimama. "Ngoja kidogo. Nani kasema huyo ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Mama wa marehemu. Juzi yule mama wa muuaji kaonekana akiingia nyumba ile na kondoo. Watu hawa hawakosi hila. Chini ya burka hata mimi naweza kukaa nikajiita Torpekai."

Walinzi wakacheka. Maulawi hakucheka. "Kijana kaja na mama yake."

"Alimwacha mlango wa nyuma, pamejaa wanawake. Zmarai, tangu pale ulimwona tena?"

"Hapana," alisema Zmarai kwa sauti ya chini.

"Unaona?"

"Hilo ni jepesi," Maulawi akasema. "Maharimu wake yupo hapa. Mwanangu, umeisikia sauti. Huyu ni mama yako?"

Jamani, ni swali ambalo mtoto wa kutambaa analijibu. Torpekai alimwona Zmarai anamtazama Dadgul, na Dadgul anamtazama yeye kama mtu anayemngojea mwenzake apande garini. Alimwona anafungua mdomo na kuufunga.

"Zmarai, mwanangu," aliita nyuma ya pazia. "Sema, baba. Sema twende nyumbani."

"Sauti siijui," alisema Zmarai.

"Umesemaje?" Maulawi aliinuka nusu. "Mche Mungu, kijana. Nakuuliza tena. Ni mama yako?"

"Mama yangu nilimwacha mlangoni. Aliye nyuma ya pazia simjui."

Hapo Torpekai akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu avunje ungo. Alilivuta pazia likaanguka na fimbo yake, akaliinua burka juu ya kichwa, akasimama mbele yao uso wazi, mvi nje, machozi nje, kila kitu nje. "Haya! Niangalieni! Mimi ni nani?"

Wanaume wote wakageuka. Walinzi wakatazama ukuta. Dadgul akajifunika macho kwa ncha ya kilemba, akifoka, "Jifunike, mwanamke!" Maulawi akainamisha kichwa mpaka ndevu zikagusa kitabu. Hawakuwa wamewahi kuuona uso ule, na sheria yao wenyewe iliwakataza kuuona sasa. Chumba kizima alikuwemo mmoja tu aliyehalalishiwa kumtazama, na yeye akatazama zulia.

"Nilikunyonyesha," Torpekai alimwambia. Hakupiga kelele tena. "Niangalie mara moja tu, kisha sema unalotaka."

Zmarai hakuinua macho.

Maulawi akasema, akiwa bado ameinama, "Nitaahirisha mpaka Jumamosi. Nitatuma wanawake waadilifu nyumbani kwao, wamtambue."

"Jumamosi!" Dadgul akapiga hatua. "Mkuu wa jimbo yuko njiani, Maulawi. Gari limetangaza wilaya nzima. Tukiwaambia watu warudi makwao kwa neno la mwanamke asiyejulikana, kesho nani atatuogopa? Shahidi yupo, umemuuliza, amejibu. Sheria inataka nini tena?"

Mzee yule, aliyeshika sheria kwa meno tangu ujana wake, alikivuta kitabu chake karibu. Torpekai alikuwa ameshashusha burka, na kupitia matundu yake madogo aliona vidole vya Maulawi vinafungua kitabu, vinakifunga, vinakifungua. Kisha vikakifunga.

"Maharimu wake amemkana," alisema hatimaye. "Siwezi kuupokea msamaha wa mtu asiyetambuliwa. Zmarai, hili nimekuachia wewe na Mola wako." Hakumtazama mtu yeyote alipolisema hilo. Aibu ilimshika, na ilistahili imshike.

Usiku ule Zmarai alilala kambini. Alhamisi mtaa ulikuwa mtupu, wanaume wote wako uwanjani, wanawake wamefunga milango kama walivyoamriwa. Torpekai aliwasha tanuri mwenyewe, si kwa kuwa kuna mnunuzi, bali mikono ilikataa kutulia. Alikuwa anakanda unga aliposikia risasi. Haikuwa moja tu. Mkono wa Zmarai haukuwa umezoea vizuri, alijiambia, na akachukia kwamba wazo hilo limempitia. Halafu ikaja takbira kutoka kwenye maelfu ya makoo. Kutoka mtaa wa chini, juu ya mapaa, akasikia Zarghuna anapiga yowe moja refu.

Torpekai akakaa chini sakafuni na unga mikononi.

Alasiri gari likasimama mlangoni. Alisikia wanaume wanacheka, wanapongeza, "Simba kweli, Zmarai Khan!" Kisha komeo likagongwa.

"Mama. Fungua."

Torpekai akalitazama komeo.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Zmarai. Mwanao."

Torpekai alisimama, akaja karibu na mlango, akaweka paji la uso kwenye mbao. Alikuwa amelisubiri neno hili tangu jana, alilipika, alilionja mdomoni. "Sauti siijui," alisema. "Mwanangu nilimwacha mlangoni pa mahakama. Lete shahidi."

Nyuma ya gari mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Mama, tafadhali." Sauti ilikuwa imepasuka, ndogo. "Mama, yeye alikuwa anani... alinitazama. Alikuwa anaita mama yake. Mimi nili..." Kisha haikuwa sauti tena. Torpekai alisikia magoti yanagonga ardhi, na akasikia anatapika. Alitapika kama alivyotapika siku ya Idi akiwa mtoto, kondoo alipochinjwa mbele yake, kwa kukoroma na kulia pamoja, akijaribu kuvuta pumzi katikati.

Hapo akamjua.

Alivuta komeo, akatoka nje na birika la maji, kichwa wazi, unga mikononi. Wanaume garini wakageuza nyuso upande wa pili haraka haraka, kamanda naye. Torpekai akapiga magoti penye matapishi, akamshika mwanawe kipaji cha uso asianguke, akammwagia maji mikononi, kwenye kovu la tanuri, kwenye vidole vile, akamwaga mpaka birika likaisha.

"Huyu ni wangu," aliwaambia migongo ya watu wale, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa chini. "Andikeni. Mimi Torpekai, binti Mulla Sarwar, namtambua. Huyu aliyeua leo ni mwanangu."